Ngoma Kuukuu Katika Kompyuta: Mwenyewe ni Nani?

Katika lugha yetu neno "ngoma" lina kazi nyingi. Ngoma ni ala iliyowambwa ngozi, ngoma ni mchezo unaochezwa, na ngoma ni shughuli yenyewe ambayo watu hualikwa. Kwa hiyo ni vigumu kwa mtu wa Mwambao kufikiria ngoma isiyokuwa na ngoma. Lakini ukisafiri hadi Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, utaikuta. Waturkana wana mchezo wao uitwao edonga, ambao vijana wa kiume na wa kike huimba, huruka juu, hupiga makofi na kukanyaga ardhi kwa kishindo, na katika mchezo huo wa asili hutaona ala ya kuwambwa hata moja. Mguu ndio ngoma na ardhi ndiyo ngozi.

Nimeanza na jambo hili kwa kuwa ni huko huko Turkana, katika mji wa Lodwar na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nilikokuta vijana wanaotaabika usiku na mchana kutafuta sauti ya ngoma. Tena si ngoma ya leo. Wanataka sauti ya ngoma kuukuu, iliyopigwa Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita, nao huitengeneza upya ndani ya kompyuta mpaka msikilizaji adhani kwamba anasikia santuri ya zamani yenye vumbi. Msomaji huenda akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi wa Mombasa, Lamu au Malindi? Mimi nasema latuhusu sana, kwani ndani yake mna swali la haki ya mtu, na swali hilo limekwisha kubisha hodi katika milango yetu pia.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Katika santuri za Wamarekani weusi za miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na desturi ya kuwanyamazisha wapigaji wote kwa muda mfupi, wa magitaa na wa tarumbeta, akabaki mpiga ngoma peke yake. Kipande hicho cha ngoma tupu mara nyingi hakikuzidi sekunde chache. Mnamo Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kwa jina la Kool Herc alikuwa akipiga santuri katika karamu. Kijana huyo aligundua kwamba wachezaji hupandwa na mori zaidi kinapofika kipande hicho. Basi akachukua santuri mbili za namna moja, na ya kwanza ilipomaliza kipande akakiendeleza kwa ya pili, huku akiirudisha ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikageuka kuwa dakika nyingi, na hapo ndipo ulipochimbuka muziki wa hip hop.

Kipande kilichopata sifa kuliko vyote kilipigwa mwaka 1969 na kundi la The Winstons la Washington, katika wimbo uitwao "Amen, Brother", yaani Amina, Ndugu. Ulikuwa upande wa pili wa santuri, upande ambao watu hawakuujali. Mpiga ngoma aliitwa Gregory Coleman, na kipande chake ni cha sekunde sita au saba tu. Sekunde hizo zimekatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo, na huko Uingereza katika miaka ya 1990 zilizaa aina nzima za muziki. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, hajapata hata senti moja kwa kazi hiyo. Kiongozi wa kundi lake, Richard Spencer, alisubiri mpaka mwaka 2015, ambapo wapenzi wa muziki walimchangia kiasi cha pauni 24,000. Huo ulikuwa mchango wa watu wema, haukuwa malipo ya kisheria. Hali kadhalika Clyde Stubblefield, aliyempigia ngoma James Brown katika "Funky Drummer", alifariki mwaka 2017 bila kuandikwa kuwa mmoja wa watunzi wa wimbo ule, ingawa ngoma yake ndiyo iliyozunguka dunia.

Sasa turudi Turkana. Lodwar ni makao makuu ya kaunti, na wakongwe wetu wataukumbuka mji huo kwa kuwa Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa huko na wakoloni kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Kakuma iko mbele zaidi, kiasi cha kilomita 120, kwenye njia ya kwenda Sudan Kusini. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao 300,000, wakiwamo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na Wahabeshi. Kiswahili utakisikia huko bila shida, na hasa Kiswahili cha Kongo.

Kijana mmoja wa Kikongo alinionyesha kazi yake. Vifaa vyake vilikuwa kompyuta moja kuukuu, simu na vipaza sauti viwili vilivyotumia umeme wa jua. Nilimwuliza kwa nini asiikate tu ngoma ya santuri kutoka intaneti, maana ipo tele. Akacheka, akaniambia, "Mzee, ukiikata wanakukamata." Hakuwa na maana ya polisi. Mtandao wa YouTube una mitambo inayolinganisha kila wimbo unaopelekwa huko na nyimbo ambazo wenyewe wameziandikisha. Sekunde chache zikifanana, mwenye santuri aweza kudai fedha zote za matangazo, au wimbo ukaondolewa. Kwa kijana ambaye mgao wake wa chakula ulipunguzwa sana mwaka 2025 kwa upungufu wa fedha za wafadhili, shilingi hizo kidogo zina uzito. Kwa hiyo ameamua kupiga upya.

Kupiga upya ni kazi ya ufundi, si mchezo wa mtoto. Jambo la kwanza ni mpigo wenyewe. Kompyuta ikiachiwa, hupanga mapigo kwa vipimo vilivyo sawasawa kama matofali, ilhali binadamu hachezi hivyo. Stubblefield alikuwa akitia mapigo madogo madogo, hafifu mno, baina ya mapigo makubwa, na hayo ndiyo yaliyoifanya ngoma yake itembee. Kwa hiyo fundi hana budi kusogeza kila pigo mbele au nyuma kidogo, na kulipunguza hili na kulikuza lile, mpaka mashine isahau kuwa ni mashine.

Jambo la pili ni chumba na kanda. Katika siku zile maikrofoni zilikuwa chache, na ngozi ya ngoma aghalabu ilitulizwa kwa kitambaa ili isivume. Sauti iliingia katika utepe wa sumaku, na utepe ukipewa sauti kubwa kupita kiasi hauvunji, bali hulainisha ncha za sauti na kuinenepesha. Zipo programu, nyingine za bure kabisa, zinazoiga tabia hiyo ya utepe pamoja na mkwaruzo wa sindano juu ya santuri.

Jambo la tatu lilinishangaza zaidi. Vijana wa leo hawaigi santuri peke yake. Wanaiga pia ubovu wa mashine zilizoikata santuri. Mwaka 1987 ilitoka mashine ya Kimarekani iitwayo SP-1200, ambayo iliweza kuhifadhi sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Sahani za CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde moja na kugawa nguvu yake katika ngazi zaidi ya 65,000. Mashine ile ilipima mara 26,040 tu, na ngazi zake zilikuwa 4,096. Ili kubana nafasi, mafundi waliizungusha santuri kwa kasi kuliko ilivyopasa, wakanasa sauti iliyofupika, kisha wakaiteremsha tena ndani ya mashine. Sauti ilirudi nzito na yenye kukwaruza. Umaskini wa chombo ukawa utamu wa muziki, na leo watu wenye vyombo bora zaidi wanaharibu sauti zao kwa makusudi ili wapate utamu ule.

Je, kupiga upya hivi ni halali? Kwa upande wa serikali, jibu si gumu. Wimbo una haki mbili: haki ya utungo na haki ya sauti iliyonaswa. Sheria ya Marekani yasema wazi kwamba mwenye sauti iliyonaswa hana madai juu ya mtu aliyeipiga upya kwa mkono wake, hata kama zafanana kama shilingi kwa ya pili. Utungo wenyewe husalia na mwenyewe, lakini ni shida mtu kudai kwamba mdundo wa ngoma peke yake ni utungo. Ndiyo sababu mafundi wakaona wamepata njia ya salama.

Lakini salama ya nani? Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Aliyeikata ngoma ya Coleman na aliyeipiga upya hadi isitofautike, wote wawili wamenufaika na mkono wa Coleman. Wa pili amejitoa katika hatari ya kushtakiwa. Hajajitoa katika deni. Sheria imemlinda mwenye kiwanda cha santuri, na mara nyingi haikumtazama kabisa aliyeshika vijiti.

Msomaji atasema kwamba hayo ni ya Wamarekani, nao wayamalize wenyewe. La hasha. Kakuma kuna Warundi, na hadithi ya ngoma za Burundi ni kubwa kuliko hiyo ya The Winstons. Mwaka 1967 Wafaransa walinasa sauti za wapigaji ngoma wa Burundi, na santuri ikatolewa Paris na kampuni ya Ocora. Mwaka 1971 ikatoka Ulaya santuri iitwayo "Burundi Black", ambayo ndani yake mwanamuziki wa Kizungu aliyejiita Steiphenson aliziwekea ngoma zile zile magitaa na vinanda juu yake. Santuri hiyo ilinunuliwa sana. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akazungusha kipande cha ngoma hizo chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Kisha mwaka 1980 kundi la Kiingereza la Adam and the Ants halikukata chochote; liliweka wapiga ngoma wawili na kuuiga mtindo wa Burundi kwa mikono yao, likatajirika. Mwandishi mmoja wa muziki wa Marekani aliandika mwaka 1981 kwamba waliozipiga ngoma zenyewe hawakupata kitu.

Angalieni basi. Mmoja alijenga juu ya sauti ya wenyewe, wa pili alikata, wa tatu alipiga upya. Njia zilikuwa tatu, na malipo ya mpigaji wa Burundi yakawa mamoja: sifuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kupiga upya kumemaliza tatizo. Kumemaliza tatizo la mwenye kompyuta tu.

Na Waturkana je? Wao hawana ngoma ya kuwambwa, lakini kishindo cha edonga, makofi yake na pumzi za waimbaji ni mali ambayo mafundi wa dunia wanaitafuta, kwa kuwa wamekwisha kuchoka na Coleman. Tena si mara ya kwanza. Baina ya mwaka 1969 na 1973 Mwingereza David Fanshawe alisafiri Misri, Sudan, Uganda na Kenya na kinasa sauti chake, naye akatunga kazi iitwayo "African Sanctus", iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1972. Ni misa ya Kilatini iliyochanganywa na kanda za safari zake, pamoja na gitaa la umeme na ngoma za kizungu. Ndani yake umo wimbo wa ng'ombe wa Waturkana. Na ndani yake, ndugu zangu Waislamu, imo pia adhana iliyonaswa Cairo, ikaunganishwa na kwaya inayoimba sala ya Kikristo.

Sisemi kwamba Fanshawe, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa na nia mbaya. Wanaomsifu husema aliipenda Afrika na alitaka dini zikutane. Lakini moyo wa Mwislamu anayesikia adhana imefanywa kiungo cha wimbo wa watu wengine hauwezi kukaa vilevile. Si kwamba imeibwa fedha, maana adhana haiuzwi. Ni kwamba mwito uliokusudiwa jambo moja umepelekwa kwenye jambo jingine. Basi moyo huo huo tuutumie kumwelewa mzee wa Kiturkana. Wimbo wa ng'ombe kwake si kipande cha sekunde sita. Mwanamume wa Kiturkana humwimbia dume wake kwa jina, na katika wimbo huo umo ukoo wake na safari zake za kutafuta maji na malisho. Nilipokuwa Lodwar, mama mmoja mtu mzima aliyeombwa kuimba mbele ya simu ya kijana aliuliza kwa Kiturkana, nikafasiriwa: "Utaipeleka wapi?" Hakuuliza bei. Sijasikia swali bora kuliko hilo katika jambo hili zima.

Kenya inayo sheria yake. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Yasema kwamba atakayetumia sanaa ya jamii kwa biashara hana budi kupata idhini ya jamii hiyo kwanza, na kwamba faida igawanywe. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kukusanya na kuandikisha mali hizo. Ni sheria nzuri, lakini ina tundu lake: jamii hutia sahihi kwa mkono wa nani? Mwaka 2017 Rais wa Burundi alitoa amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma za kifalme, na kuyataka makundi yajiandikishe na kupata ruhusa ya wizara kabla ya kupiga. Ngoma ikalindwa dhidi ya wapigaji wake wenyewe! Kwa hiyo daftari la kaunti lisipoandikwa majina ya waimbaji na wachezaji, huenda likawa ufunguo wa ofisi badala ya ngao ya watu.

Sasa tujitazame sisi. Dar es Salaam vijana wa singeli wamekuwa wakikata vipande vya taarabu na kuvizungusha kwa kasi ya ajabu, na tangu mwaka 2017 santuri za muziki huo zinatolewa na kusikilizwa hadi Ulaya. Ni ubunifu, nami siubezi. Lakini aliyepiga dumbaki katika kanda ile ya taarabu ni nani, na watoto wake wako wapi? Hapa Mombasa duka la Assanand lilitoa santuri nyingi za taarabu na chakacha kwa alama yake ya Mzuri. Santuri hizo ziandikwapo, jina la mwimbaji hutangulia, na mpiga msondo au mpiga chapuo mara nyingi hajulikani. Na matari ya maulidi ya Lamu, ambayo kila mwaka hunaswa kwa simu mia moja, kesho yatakuwa kipande cha kuchezea disko mjini Berlin, na hatutakuwa na neno la kusema kwa sababu hatukuandika chochote.

Baadhi ya watu wataniambia kwamba wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala na nyimbo. Hilo nawaachia wanavyuoni. Lakini hakuna hitilafu juu ya haki za waja: jasho la mtu ni lake, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Vijana wa Lodwar na Kakuma wanaweza kutuonyesha njia, kwani wao wako pande zote mbili. Leo wanaiga ngoma ya Marekani. Kesho wataigwa wao. Naona mambo matatu yafaa yafanywe. Kwanza, kila anayenasa kishindo cha edonga au ngoma ya Warundi aandike majina ya waliocheza, mahali na tarehe, na akubaliane nao mgawo kabla wimbo haujatoka, japo mgawo wenyewe ni wa shilingi kumi. Pili, redio za huko, kama Akicha ya Lodwar na Ata Nayeche ya Kakuma, na tamasha la Tobong'u Lore linalofanywa Lodwar, ziwe mahali pa kuhifadhi kanda hizo kwa majina, ili siku ya madai pawe na ushahidi. Tatu, anayeiga ngoma ya Coleman au ya Stubblefield aseme hivyo katika wimbo wake. Kutaja jina hakugharimu kitu, nako ni mwanzo wa malipo.

Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ambayo wenyeji na wakimbizi wataishi na kuchuma pamoja. Huzungumzwa sana juu ya shule, hospitali na masoko. Ningependa na muziki utiwe katika hesabu hiyo, kwani mkimbizi aliyeacha nyumba na shamba aghalabu ameifika Kakuma na mali moja tu isiyoweza kunyang'anywa njiani, nayo ni mkono wake ujuao kupiga na koo lake lijualo kuimba. Asije akanyang'anywa baada ya kufika.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Walisema hivyo wakati ngoma ilipoishia pale mlio wake ulipoishia, na mtunzaji alimwona mchezaji kwa macho yake. Leo mlio wavuka bahari kabla mchezaji hajafuta jasho. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba jina lake lavuka pamoja nao, na kwamba tuzo yapata njia ya kurudi.